Feni Inayozunguka Gari Likiwa Baridi

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Magamba, Mpanda, nikakuta Mark II ya mjomba imepaki chini ya mwembe. Hiyo GX100 ndiyo inayobeba abiria kwenda mjini, na ndiyo iliyonilipia sehemu ya ada boom lilipochelewa. Feni yake ya mkanda ilivunjika, fundi akafunga feni ya umeme iliyotoka kwenye Corolla ya zamani, pamoja na swichi yake ya joto. Tangu hapo gari linachemsha. Mota ya feni imebadilishwa mara mbili, rilei mara moja, na hela imekwisha. Likiendelea kuchemsha, silinda hedi inaweza kupinda, na hapo kazi imekufa.

"Mjomba, feni haizunguki kabisa?"

"Inazunguka vizuri tu. Asubuhi nikiwasha swichi inavuma. Gari likipata moto, kimya."

Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko vifaa vyote vilivyonunuliwa. Mota iliyokufa haichagui saa. Kama inavuma asubuhi, basi mota, fyuzi na waya mkubwa ni vizima. Kosa liko kwenye kinachotoa amri.

Tukumbuke fizikia ya sekondari. Feni ya rejeta hula umeme mwingi, ampea 10 na zaidi, kiasi ambacho swichi ndogo ya joto haiwezi kubeba. Ndiyo maana kuna rilei. Umeme mdogo ukipita pini 85 na 86, koili inakuwa sumaku, inavuta kontakti, pini 30 inaungana na 87, feni inazunguka. Swichi ya joto kazi yake ni kupeleka koili kwenye bodi, yaani hasi.

Tukapima hivi:

1. Injini ikiwa baridi, swichi ya gari imewashwa na feni inavuma, nilichomoa waya wa swichi ya joto. Feni ikasimama. Nikaugusisha waya huo kwenye bodi, ikazunguka. Rilei ni nzima.

2. Tulifungua swichi yenyewe injini ikiwa imepoa kabisa (usifungue rejeta ya moto, utaungua). Nikatumbukiza ncha yake kwenye sufuria ya maji jikoni, mita ikiwa kwenye mlio. Maji baridi: mita inalia. Maji yalipochemka: kimya. Hatukuhitaji kipimajoto. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi.

Basi swichi haikuwa mbovu! Corolla nyingi za miaka ya 90 zina swichi inayounga kwenye baridi na kukata ikifika karibu nyuzi 93. Rilei yake ya kiwandani nayo ni ya kinyume: sumaku ikivuta, feni inakatwa. Wahandisi walikuwa na sababu. Waya ukikatika njiani, feni inazunguka yenyewe na injini inapona. Fundi wetu alichukua swichi ya Corolla akaiunga na rilei ya kawaida, amri ikageuka.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, tafuta swichi inayounga kwenye joto, yenye nyuzi za kufungia zinazolingana. Ya pili, tumia rilei ya pini tano, feni uiunge kwenye 87a badala ya 87. Tulichagua ya pili. Ila angalia: pini 30 ikipata umeme moja kwa moja toka betri, ukizima gari feni itazunguka usiku kucha. Kwa hiyo ile rilei ya zamani tuliipa kazi mpya ya kuilisha pini 30 pale tu swichi ya gari imewashwa. Fyuzi ikabaki karibu na betri. Tulinunua rilei moja tu.

Tukaacha injini iungurume. Sindano ilipanda hadi katikati, feni ikavuma, sindano ikatulia. Nikachomoa waya wa swichi ya joto, feni ikaendelea.

Sisi wa ualimu tunajifunza kumuuliza mwanafunzi amekwama wapi kabla ya kurudia somo zima. Gari nalo ni hivyo. Kabla hujabadilisha kifaa, uliza: linakataa wakati gani?