Dondoo Muhimu: Kupanga Chumba Mjini Maua

Unakuja kusomea uuguzi katika Hospitali ya Methodist ya Maua, au chuo kingine mjini? Kabla ya kutoa pesa:

• Tembelea chumba usiku pia. Mji huu huishi kwa miraa, na pilkapilka za biashara hiyo hazijui saa. Chumba kilichotulia asubuhi huenda kikawa na kelele usiku. Anayetoka zamu ya usiku achague njia yenye taa na watu.

• Fungua mfereji. Uliza wapangaji, si keyateka, maji huja siku zipi na tangi linatosha watu wangapi.

• Tazama mita ya stima. Je, ni yako peke yako? Mkitumia mita moja, kubalianeni mapema nani ananunua tokeni na lini.

• Kagua dari na kuta. Maua iko kwenye miteremko ya Nyambene, yenye mvua na baridi. Madoa ya kahawia darini ni dalili ya paa linalovuja.

• Usilale na jiko la makaa. Gesi yake ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua. Ongeza blanketi.

• Andikianeni na mwenye nyumba. Kodi, dipoziti, notisi na nani anayerekebisha kitasa viwe kwenye karatasi. Lipa kwa M-Pesa, uhifadhi ujumbe. Piga picha za chumba siku ya kuingia. Ndizo zitakazotetea dipoziti yako siku ya kutoka.

• Mnaishi wawili? Gawaneni kodi, gesi na zamu za kudeki kabla ya kuhamia. Mapatano mbele, urafiki nyuma.