Floraidi Kisimani: Kijiti Kinachoona Kisichoonekana

Wenyeji wa vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, mkoani Arusha, wamezoea kuona watoto wenye meno ya kahawia. Chanzo ni floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye chemchemi na visima. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hudhuru mpaka mifupa.

Maji yetu ni meupe pe na hayanuki. Ya nini kuyapima?

Kwa sababu floraidi haina rangi wala harufu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi hubaki yote; na kwa kuwa maji yenyewe yamepungua kwa mvuke, kila kikombe hubeba zaidi kidogo.

Hupimwaje?

Kwa elektrodi ya floraidi, iliyobuniwa Marekani mwaka 1966 na Martin Frant na James Ross. Ni kijiti mfano wa kalamu nene, na kwenye ncha yake kuna kipande cha fuwele ya lanthani floraidi. Fuwele hiyo hupitisha ayoni za floraidi, nyingine huzizuia. Kiasi cha floraidi majini kikitofautiana na kilichomo ndani ya kijiti, hutokea volti ndogo ambayo mita huisoma. Floraidi ikiongezeka mara kumi, usomaji hushuka kwa takriban milivolti 59 katika joto la nyuzi 25.

Hudanganyika?

Ndiyo, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Elektrodi huona floraidi iliyo huru tu. Alumini ikiwamo majini huishika na kuificha. Maji yenye magadi mengi nayo huichanganya fuwele. Kwa hiyo mpimaji humimina sampuli kwenye bika ya plastiki, huongeza kimiminika maalumu kinachoweka pH karibu na 5 na kuifungua floraidi iliyoshikwa, kisha hukoroga. Kabla ya yote husawazisha mita kwa maji yenye kiasi kinachojulikana, tuseme miligramu 1 na 10 kwa lita. Muulize kama amefanya hivyo siku hiyo. Una haki hiyo. Na usimdai habari za risasi au vijidudu, maana kijiti hiki hakivioni.

Namba gani ni salama?

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. Usitegemee majibu ya jirani: visima viwili vilivyo karibu huweza kutofautiana sana.

Ikizidi?

Tumia maji ya mvua kwa kunywa na kupikia, hasa kwa watoto wadogo ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengeka. Punguza magadi kwenye maharage, kwani nayo huweza kuwa na floraidi. Kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambacho kimefanyiwa kazi miaka mingi pale Ngurdoto, huinasa, ila mkaa huo hushiba. Chukua sampuli ya maji yanayotoka kwenye kichujio, si yanayoingia tu, na irudishwe maabara mara kwa mara.