Kutazama Somo na Kulijua



Siku hizi wengi wetu twajifunza kwa simu. Mwenye shamba akitaka kujua namna ya kuatika miche, au ya kuanika karafuu zisichache, hamngoji bwana shamba. Hutafuta video akaitazama, huku akiitikia kwa kichwa. Jambo hili ni jema, wala sikusudii kulilaumu. Lakini kutazama na kujua ni mambo mawili mbalimbali. Anayeyachanganya hulipa siku mvua inapomkuta majamvini: karafuu mbichi hulundikwa ndani, hupata joto, hunyauka na kugeuka nyeupe, na bei huanguka.

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwajaribu wanafunzi wa chuo kikuu kwa habari fupi iliyoandikwa. Kundi moja liliisoma vipindi vinne. Kundi jingine liliisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likaambiwa liandike linayoyakumbuka bila ya kuitazama. Baada ya dakika 5, waliosoma sana walishinda: walikumbuka sehemu 83 katika 100, na wenzao 71. Hapo ndipo mtu anapodanganyika! Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walibakiwa na 40, na waliojiuliza wenyewe 61.

Sisi tuliopitia chuoni tusistaajabu. Mwalimu hakuridhika na mtoto aliyeukodolea macho ubao. Alimtaka asome kwa moyo, naye akimsikiliza na kumrudisha kila alipokosea. Simu haimrudishi mtu. Basi tafuta wa kukusikiliza, akiwa mke, mume, jirani au mtoto wa skuli. Zima simu, umweleze somo tangu mwanzo hadi mwisho. Pale utakapokwama ndipo pa kurudi kutazama. Kesho yake, na wiki ijayo, eleza tena.

Wenye kutengeneza masomo haya nao wana wajibu wao. Mwaka 2014 ulitolewa uchunguzi wa masomo ya edX, yanayofundishwa kwa intaneti, uliohesabu mara milioni 6.9 za watu kutazama video. Ilionekana kuwa kwa kawaida mtazamaji hapiti dakika 6, hata somo likiwa refu namna gani. Kwa hiyo kijana wetu atakayepiga picha za uanikaji asitupe saa nzima yenye muziki. Ashike jambo moja, aseme yuko kisiwa gani na ni msimu gani (maana mvua za Madagascar si zetu), kisha aulize maswali.

Sasa funika karatasi hii, umjibu mwenzako:

Karafuu mbichi zikilundikwa hupatwa na nini?

Kundi lipi lilishinda baada ya dakika 5, na lipi baada ya wiki moja?

Video ya mwisho uliyoitazama ilifundisha nini, hatua kwa hatua?

Katibu