Injini imezimwa, bendera inasubiriwa

Swali: Kwenye mbio za msituni tunaanza injini zikiwa zimezimwa. Wenzangu wanaondoka, mimi bado napiga kiki. Nifanyeje?

Jibu: Shida kwa kawaida si nguvu ya mguu. Pasha injini moto, izime, kisha kanyaga kiki polepole mpaka ikaze. Ipitishe hapo kidogo tu, iache irudi juu. Teke moja kamili litatosha. Usivute resi kabla haijawaka (mkono wa haraka hujaza petroli bure).

Wenye stata, kama wengi wa mbio za msituni za GNCC kule Marekani, husubiri wakiwa kwenye gia, klachi imebanwa, kidole gumba kwenye kitufe. Ila oili baridi hugandisha sahani za klachi: ukiwa hivyo hivyo, isukume pikipiki mbele na nyuma mpaka ziachiane.