Fundisho: Paka wa jirani aingiaye kwako

Katika Cimpunda, huko Kadutu mjini Bukavu, nyumba zimejengwa karibu karibu juu ya mteremko. Ukuta wa mtu mmoja ndio mpaka wa mwenzake, lakini paka hajui mpaka. Usiku hupita juu ya mabati, hushuka jikoni, hula sambaza, huua vifaranga na watoto wa simbiliki. Asubuhi mwenye mali hukasirika na kutafuta jiwe au sumu. Hiyo si dawa.

1. Sababu ya kuja kwake

Paka haji bure. Hufuata vitu vitatu: chakula, panya, na mahali pakavu penye joto. Ukimwua lakini ukaviacha vitu hivyo, paka mwingine atashika mahali pake. Basi ondoa kwanza kile kinachomwita.

2. Chakula

Sambaza waliletwa katika ziwa Kivu toka ziwa Tanganyika mwaka 1959, na sasa wamo katika nyumba nyingi. Harufu yao hufika mbali. Uliowaanika usiwaache nje jua likishuka. Watie katika ndoo yenye kifuniko, weka na jiwe juu yake. Maji ya kuoshea samaki usiyamwage karibu na mlango.

3. Simbiliki na vifaranga

Watu wengi huacha simbiliki watembee ovyo jikoni. Afadhali uwafanyie sanduku la mbao lenye miguu, na juu yake wavu wa waya wenye matundu madogo, ili wapate hewa. Wavu ufungwe imara, maana paka huuinua kwa makucha. Ukuta peke yake hautoshi: paka mzima huruka mita moja na nusu bila taabu. Vifaranga nao walale ndani ya banda lililofungwa.

4. Kuziba njia

Tafuta nyayo na manyoya yake, ujue apitapo. Ziba nafasi kati ya ukuta na mabati. Tundu la upana wa ngumi laweza kumpitisha. Lakini kabla ya kuziba, sikiliza vizuri. Kama amezaa ndani, watoto watakufa njaa na kuoza humo. Mwite mwenyewe awachukue pamoja na mama yao, au ngoja mpaka waweze kula na kutembea, kama wiki nane. Akichimba katika mboga zako, tandaza matawi yenye miiba. Ukimkuta, piga makofi au mrushie maji kidogo, yatosha.

5. Mambo ya kukataa

Usitege sumu. Kuku wako wataila, hata mtoto wako pia aweza kuila. Usimwagie paka maji ya moto wala mafuta ya taa, wala usitege kitanzi. Usimshike kwa mikono. Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha enda hospitali siku ile ile, maana kichaa cha mbwa huwapata paka nao. Ugonjwa huo ukisha kuonekana katika mtu, karibu kila mara humwua.

6. Kusema na jirani

Enda kwake mchana, kwa upole. Sema: «Mama, paka wako ameingia kwetu. Tafadhali umlishe jioni, umfungie ndani usiku.» Dume aweza kuhasiwa na mganga wa mifugo, akisha kuhasiwa hupunguza kutangatanga na kupigana. Kumbuka tena kwamba paka huyo huwinda panya katika nyumba yako pia, na panya hula unga na huleta magonjwa. Mkipatana, wewe utalinda simbiliki wako, naye atabaki na paka wake.

Maulizo

1. Paka hufuata vitu gani vitatu?
2. Kwa nini tusikilize kabla ya kuziba tundu?
3. Mtu aliyeumwa na paka afanye nini kwanza?