Kutafuta Habari za Ukoo Katika Busoga na Bugisu

Nchi ya Marekani imegawanywa katika kaunti, na katika kaunti nyingi yamo makao ambamo huwekwa vitabu vya ndoa, wasia na hati za mashamba. Serikali yao imehesabu watu kila baada ya miaka 10 tangu mwaka 1790, na karatasi zenye majina hufunguliwa kwa watu wote baada ya miaka 72. Zile za mwaka 1950 zilifunguliwa mwaka 2022. Basi Mmarekani anayemtafuta babu wa babu yake huanza na karatasi. Lakini si kila Mmarekani. Katika hesabu za mwaka 1850 na 1860 watumwa wengi waliandikwa umri tu, na mume au mke, chini ya jina la bwana wao. Kwa hiyo wajukuu wao wengi hurudi nyuma mpaka mwaka 1870, wakakwama hapo.

Sisi wa Jinja na Mbale tuna hazina ya namna nyingine, nayo yataka kujifunza kuisoma.

Anayeanza kazi hii Bugisu na ahesabu kwa tohara. Imbalu hufanywa katika miaka ya shufwa. Waliotahiriwa pamoja huwa rika moja, na mara nyingi rika hupewa jina kwa tukio la mwaka ule. Mzee aweza asijue tarehe aliyozaliwa, lakini mwaka aliosimama mbele ya ngariba hausahau, na wenzake wa siku hiyo anawajua wote. Tufanye hesabu. Ikiwa babu alitahiriwa mwaka 1938, na tukikadiria kwamba alikuwa na miaka kati ya 18 na 25, basi alizaliwa kati ya 1913 na 1920. Akikuambia ni mwaka 1937, mwulize tena kwa adabu, maana huo ni witiri.

Ndugu zao Wabukusu wa Kenya, ng'ambo ya Mlima Elgon, wana majina manane ya rika yanayozunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Hapo jihadhari, kwa kuwa jina lilelile hurudi baada ya miaka mia hivi. Maina wa hadithi moja aweza kuwa babu wa babu yake Maina wa hadithi nyingine.

Majina ya watu nayo yana mtego. Wafula ni jina la aliyezaliwa wakati wa mvua, na mwenzake wa kike ni Nafula. Lakini mtoto huweza kuitwa Wafula kwa sababu babu yake marehemu aliitwa hivyo, ingawa yeye alizaliwa katikati ya kiangazi. Usijenge tarehe juu ya jina peke yake.

Busoga kipimo ni ukoo na kaburi. Koo ni zaidi ya 200, kila moja na mwiko wake, na majina yake ya kuwapa watoto. Butaka ni mahali walipozikwa wazee. Likitokea shauri la shamba, swali la kwanza huwa hilohilo: nani amelala hapa, na ni baba wa nani? Kijana asiyeweza kujibu aweza kupoteza mgomba uliopandwa na babu yake.

Tena kuna pengo kubwa. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 katika Busoga, Buganda na visiwani. Katika siku za Gavana Hesketh Bell, aliyeanza kazi mwaka 1906, serikali iliamuru watu wahame kando ya ziwa ili wawe mbali na mbung'o. Watu wa Busoga ya kusini wakaacha nyumba, migomba na makaburi, na pori likafunika yote. Nchi ile ilipokaliwa tena miaka mingi baadaye, waliofika hawakuwa wote wajukuu wa waliohama. Hiyo ndiyo 1870 yetu. Kwa hiyo Msoga akikuambia kwamba kwao ni Iganga, usitosheke; uliza, kabla ya malale kwenu kulikuwa wapi?

Waulize bibi vilevile. Orodha za wanaume hupenda kuruka waliokufa bila watoto wa kiume, na ndugu wawili hugeuzwa baba na mwana. Lakini kwa kuwa mtu haruhusiwi kuoa katika ukoo wake, kila mama alitoka kwingine, na habari za huko anazo yeye.

Vitabu vipo. Historia ya Busoga ya Y. K. Lubogo ilitolewa kwa Kiingereza Jinja mwaka 1960. Yafaa sana, ila watawala wamechukua nafasi kubwa. David William Cohen alikusanya masimulizi ya koo, akatoa kitabu chake mwaka 1972. Kisha yapo madaftari ya ubatizo, na tikiti za kodi ambazo wazee walizitunza mpaka kodi ile ikaondolewa mwaka 2005. Hata kuta husema: majumba mengi ya Wahindi mjini Jinja yameandikwa mwaka wa kujengwa, ingawa wenyewe walifukuzwa mwaka 1972.

Mzee akisema alioa "wakati wa daraja", kumbuka kwamba daraja la reli la Jinja lilikwisha mwaka 1931. Bwawa lilifunguliwa mwaka 1954. Linganisha neno lake na daftari la kanisa. Yakipingana, andika yote mawili, na juu ya kila ukurasa weka jina la msimulizi, kijiji chake na siku uliyomsikiliza. Ninyi wanafunzi wa zamani mlioachiwa masanduku ya wazee, tazameni chini ya nguo kabla ya kuyatupa. Tikiti za kodi mara nyingi zimo humo.