Mafunzo Niliyopata kwa Wateja wa Dawa ya Kupaka

Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa Tanga kwa miaka mingi, na sijaona wateja wanaojiamini kama wale wa dawa ya kupaka. Wa sindano huja na hofu. Wa vidonge huuliza anywe kabla ya kula au baada. Wa tyubu hutaja jina, hulipa, huyo anakwenda zake. Hata hivyo ni hao walionifundisha zaidi.

1. Kizuizi ni chembamba, ila kinazuia kweli

Tabaka la nje kabisa la ngozi ni seli zilizokwisha kufa. Sehemu kubwa ya mwili unene wake ni maikromita 10 hadi 20. Karatasi ya daftari inalizidi mara kadhaa. Seli hizo zimepangwa kama matofali, na kinachozishikanisha ni mafuta. Kwa hiyo dawa inayopenya ni ile yenye molekuli ndogo inayopatana na mafuta. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Uholanzi, Bos na Meinardi, walipendekeza mpaka wa daltoni 500: molekuli ikizidi hapo, ngozi nzima haiipitishi kirahisi. Insulini ina karibu 5,800. Mgonjwa wa kisukari akiniuliza kama kuna ya kupaka, humweleza hivyo, naye hurudi kwenye sindano yake akinung'unika. Simlaumu.

2. Mahali unapopaka ni sehemu ya dozi

Kama ningeruhusiwa kufundisha somo moja tu, lingekuwa hili. Mwaka 1967 Feldmann na Maibach, huko Marekani, walichapisha vipimo vya haidrokotisoni iliyopakwa sehemu mbalimbali za mwili. Ukichukua kigasha kuwa moja, paji la uso lilipitisha mara 6, taya mara 13, na ngozi ya korodani mara 42. Unyayo ulipitisha kama moja ya saba tu. Tyubu ni ileile, mtu ni yuleyule.

Na haidrokotisoni ni steroidi dhaifu. Klobetasoli, ambayo siku hizi utaikuta hata kwenye vibanda vya vipodozi, inakadiriwa kuizidi nguvu mara 600 kwa kipimo cha kusinyaza mishipa ya ngozi.

Mama mmoja alikuja na mtoto mchanga mwenye wekundu mapajani.

"Daktari, naomba tyubu kama ya jirani yangu. Ilimponya siku mbili."

"Jirani yako alipaka wapi, mama?"

"Kwenye kiwiko."

Kiwiko cha mtu mzima na kinena cha mtoto aliyefungwa nepi ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Nepi inafunika, jasho na joto vinalainisha ngozi, dawa inaingia kwa wingi. Tena mtoto ana ngozi nyingi kwa uzito wake mdogo, kwa hiyo steroidi kali inaweza kufika kwenye damu na kuzilaza tezi zinazotengeneza homoni zake mwenyewe. Nilimpa marhamu ya zinki, nikamwomba amwache mtoto bila nepi kila anapoweza. Aliondoka kwa shingo upande, maana dawa ya bei nafuu haina heshima.

3. Mwasho kuisha siyo ugonjwa kuisha

Kuna tyubu zenye dawa tatu kwa pamoja: ya bakteria, ya fangasi, na steroidi kali. Zinapendwa mno. Mwenye choa akipaka, mwasho unatulia usiku uleule, kwa sababu steroidi imezima wekundu, na wekundu ule ndio ulinzi wa mwili. Fangasi nao wanatambaa kwa nafasi. Baada ya wiki kadhaa mtu anarudi na mabaka mapana yasiyo na ukingo, ambayo hata daktari anaweza kuyadhania ni pumu ya ngozi. Mimi bado nausifu mchanganyiko wa zamani wa Whitfield, asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3. Unawasha kidogo na hauna kasha la kuvutia, lakini kwa choa kidogo cha mwilini unafanya kazi, mradi usiache siku ile baka linapofifia.

4. Mapunye hayasikii krimu

Fangasi wake wamo ndani ya unywele na chini kwenye shina lake. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kwa mfano griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8. Basi.

5. Plasta ya dawa haibandikwi panapouma

Plasta ya kwanza ya kupeleka dawa kwenye damu kupitia ngozi iliidhinishwa Marekani mwaka 1979: skopolamini ya kuzuia kichefuchefu cha safari, inayobandikwa nyuma ya sikio. Nilikumbuka hiyo siku binti mmoja aliponiletea plasta za fentanili alizoandikiwa baba yake, mgonjwa wa saratani, hospitali ya nje ya nchi. Alitaka kujua azikate vipi zienee mgongo wote.

Nilimwambia asikate hata moja. Fentanili ya plasta inapita ngozini, inaingia kwenye damu, inakwenda kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kuibandika juu ya maumivu hakuongezi kitu. Kila moja hukaa saa 72. Chupa ya maji ya moto juu yake huongeza dawa inayoingia, na mzee anaweza kushindwa kupumua. Hata ukiibandua, dawa iliyobaki ngozini huendelea kuingia kwa saa nyingi. Plasta iliyotumika nayo bado ina dawa ya kutosha kumuua mtoto, kwa hiyo ikunjwe, gundi ikutane na gundi, itupwe chooni mara moja.

6. Kinachong'arisha uso kinafika kwenye figo

Wauza mkorogo husema unabaki juu juu. Mwaka 1972 ilichapishwa taarifa ya madaktari wa Nairobi kuhusu watu wazima 60 waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilivujisha protini. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki ilipita ngozini bila kuombwa.

Ukivimba miguu au uso ukaenda hospitali, mtajie daktari kila unachopaka, hata kama hajauliza, na ukibebe kikopo chenyewe.